Kiti Hakisemi Kilivyotengenezwa: Kuweka Kumbukumbu za Mafundi wa Mbao wa Jadi

Chukua kiti cha mbao ambacho kimekaliwa kwa miaka sabini bila gundi wala msumari. Kipime kila upande, kipige picha, chora kila kiungo chake kwa milimita, kisha mpe mchoro huo seremala hodari ambaye hajawahi kuingia katika karakana ya aliyekitengeneza. Atakuletea kiti kinachofanana na kile cha zamani kama shilingi kwa ya pili, na baada ya misimu michache kiti hicho kitaanza kucheza miguu. Kosa halitakuwa kwenye vipimo. Siri ya kiti cha kwanza ilikuwa kwenye maji: vijiti vinavyounganisha miguu vilikaushwa karibu na moto kwa siku kadhaa kabla ya kuchongwa ndimi zake, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu ya miguu, ilhali miguu yenyewe ilitobolewa ikiwa bado mbichi, kwa hiyo kadiri ilivyokauka ndivyo matundu yalivyosinyaa na kuzikaba ndimi zisitoke tena. Siku uliyokwenda kukipima, maji hayo yalikuwa yameshaondoka zamani, na hakuna futi wala kamera inayoweza kuyarudisha.

Mbao mbichi inapokauka hupungua, lakini haipungui sawasawa pande zote. Kwa miti mingi, upande unaofuata duara za ukuaji hupungua kwa takriban asilimia 8 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, upande unaotoka kwenye kiini kuelekea gome hupungua karibu nusu ya hapo, na urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Fundi wa viti wa jadi huenda hajawahi kuzisikia asilimia hizo maishani mwake. Anachofanya ni kuviokota vijiti viwili, kuvigonganisha karibu na sikio, na kukirudisha kimoja motoni kwa sababu mlio wake bado ni mzito. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia kwamba hakijaiva. Jibu hilo ni sahihi kabisa, na kwa mtu anayeandika kumbukumbu halitoshi hata kidogo.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Wengi wanaposikia kwamba ufundi fulani unatoweka, hukimbilia kuhifadhi vitu: bakuli hupelekwa jumba la makumbusho, mlango hupigwa picha, zana hupangwa kabatini. Wachache zaidi hurekodi matendo, yaani namna gogo linavyopasuliwa, kuchongwa na kulainishwa. Wachache kabisa hurekodi maamuzi, yaani kwa nini gogo hili lilichukuliwa na lile likaachwa, kwa nini mkono ulisita pale, na nini kingeharibika kama usingesita. Kwa maoni yangu, tabaka hili la tatu ndilo ufundi wenyewe, na kumbukumbu isiyolifikia ni albamu ya picha tu, hata ikiwa na kurasa elfu.

Tatizo hili si geni. Katikati ya karne ya 18, Denis Diderot wa Ufaransa, ambaye baba yake alikuwa mfua visu katika mji wa Langres, alipoanza kuandaa ensaiklopidia yake kubwa aliamua kwamba kazi za mikono zingepewa nafasi sawa na falsafa na hesabu. Yeye na wenzake waliwaendea mafundi karakanani, wakawauliza maswali na kuandika majibu. Katika tangazo la kazi hiyo la mwaka 1750 alilalamika kwamba katika mafundi elfu moja ni vigumu kupata kumi na wawili wanaoweza kueleza kwa uwazi zana wanazotumia na vitu wanavyotengeneza. Ni rahisi kuyasoma maneno hayo kama dharau ya msomi. Hata hivyo, Diderot hakuishia kulaumu. Alieleza pia kwamba ilibidi wakati mwingine waandishi waipate mashine yenyewe, wageuke wanagenzi, na watengeneze kwa mikono yao kazi mbovu ili waweze kuwafundisha wengine namna ya kutengeneza kazi nzuri. Sentensi hiyo ina thamani kuliko miongozo mingi ya leo ya kukusanya kumbukumbu, nami nitairudia.

Muda mfupi baadaye, katika nchi hiyo hiyo, André-Jacob Roubo alichukua njia nyingine. Yeye hakuwa mgeni karakanani: alizaliwa katika familia ya maseremala, alishika randa mwenyewe, na akajifunza kuchora ili achore picha za kazi yake kwa mkono wake. Kitabu chake kikubwa cha useremala kilitoka kwa sehemu kati ya 1769 na 1775, na hadi leo wapo maseremala wanaojenga meza za kazi kwa kufuata michoro yake. Tofauti kati ya watu hawa wawili haiko kwenye bidii. Roubo alijua swali lipi ni la kuulizwa kwa sababu mbao ilikuwa imeshamwadhibu mara nyingi. Mtu wa nje, hata awe mwerevu kiasi gani, hawezi kuuliza juu ya kosa ambalo hajawahi kuliona likitokea.

Lakini fundi wa ndani naye ana upofu wake. Mambo anayoyafanya kila siku hayamjii kichwani kama mambo ya kusimuliwa. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliliweka jambo hili kwa ufupi mwaka 1966, kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Mtu anayeendesha baiskeli hawezi kukueleza jinsi asivyoanguka, na fundi anayechonga bakuli kwa tezo hawezi kukutajia pembe ya makali yake. Ukimlazimisha ataje, atabuni jibu ili akuridhishe, na jibu hilo litaingia kwenye maandishi kama elimu ya mababu. Kumbukumbu nyingi zina majibu ya namna hiyo, na ubaya wake ni kwamba yanasomeka vizuri sana.

Kuna mlango mmoja unaofunguka kwa urahisi. Fundi asiyeweza kueleza anachofanya sawasawa huliona papo hapo jambo linalofanywa vibaya. Mpe mwandishi tezo, akae kwenye kigoda, aanze kuchimba bakuli. Katika mapigo machache ya mwanzo fundi atakuwa ameshamzuia: ameshika mpini karibu mno na chuma, anapiga kwa bega badala ya kifundo cha mkono, na zaidi ya yote anaendelea kuchonga kutoka ukingo hadi ng'ambo ya pili bila kukigeuza chombo. Katika bakuli, nyuzi za mbao hukatwa vizuri pale makali yanaposhuka kutoka ukingoni kuelekea kitako. Yakipita kitako na kuanza kupanda upande wa pili, huingia chini ya nyuzi, huzinyanyua na kuzichana, na mchano huo unaweza kukimbia hadi ukingoni na kuitupa kazi ya asubuhi nzima. Ndiyo maana fundi huligeuza bakuli kila mara na kuanza tena kutoka ukingo wa pili. Aliyekuwa akimrekodi kwa siku tatu aliona kule kugeuza akadhani ni kupumzika, na huenda hata alizima kamera ili asipoteze nafasi. Alipochana bakuli lake mwenyewe ndipo alipojua kwamba alikuwa ameikata sehemu iliyobeba elimu yote.

Kila «siyo hivyo» inayotoka mdomoni mwa fundi ni mstari wa kumbukumbu. Iandikwe pamoja na kilichoisababisha, maneno yaliyotumika, na kilichobadilika baada ya kusahihishwa. Daftari la makosa ya mwanagenzi likitunzwa kwa wiki sita husema mengi kuliko mahojiano ya saa sita.

Kamera ina kazi yake, ila inahitaji nidhamu. Picha nyingi za mafundi hupigwa kutoka mbele kwa sababu uso wa mzee aliyeinamia kazi unapendeza, na mtazamaji anaishia kuona kila kitu kichwa chini. Kamera inayofundisha husimama nyuma ya bega la fundi, upande wa mkono wake wa kazi, ili anayetazama aione mbao kama fundi anavyoiona. Kamera ya pili, ikiwepo, ionyeshe mwili mzima, maana miguu na kiuno ndivyo vinavyofanya kazi kubwa katika kusukuma randa. Sauti irekodiwe kwa uangalifu kama picha, kwa sababu patasi iliyoanza kuwa butu husikika kabla haijaonekana, na fundi mwenye uzoefu huinuka kwenda kwenye kinoo akifuata sikio lake. Maswali yasiulizwe wakati chuma kinatembea, kwani mbali na hatari ya kujikata, fundi anayejibu huku anachonga hubadilisha mwendo wake bila kujua. Afadhali kazi iishe kimya, kisha jioni fundi na mwandishi wakae pamoja kuitazama video, na fundi aisimamishe anapotaka. Mara nyingi atacheka, atajikosoa, na atasema jambo ambalo asingelisema kwa kuulizwa.

Kinachokatwa na wahariri wa video ni kile kile kinachohitajika: kunoa, kusubiri, kutafuta kipande kingine, kurudia. Ukitazama filamu ya dakika 10 kuhusu utengenezaji wa pipa au mtumbwi, utapata picha ya kazi inayokwenda mbele bila kurudi nyuma. Kazi halisi ya mbao ina kurudi nyuma kwingi.

Maneno, miti na vipimo

Kama kuna mkasa unaoonyesha hatari ya kuandika bila kufafanua maneno, ni ule wa China. Mwaka 1103, chini ya nasaba ya Song, ulichapishwa mwongozo wa serikali wa ujenzi wa mbao, Yingzao Fashi, ulioandaliwa na afisa aitwaye Li Jie. Ulikuwa na michoro, viwango vya kazi na vifaa ili fedha za umma zisiliwe, na mfumo uliogawa ukubwa wa mbao katika madaraja 8 ambayo vipimo vingine vya jengo vilitokana nayo. Ni vigumu kufikiria kumbukumbu iliyo kamili zaidi ya hiyo. Lakini msanifu majengo Liang Sicheng alipoletewa nakala yake katika miaka ya 1920, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, hakuweza kuielewa. Alikuwa Mchina mwenye elimu anayesoma kitabu cha Kichina, ila majina ya vipande vya mbao yaliyotumika humo yalikuwa yamekufa pamoja na vinywa vilivyoyatamka.

Njia aliyoipitia ili akifungue kitabu hicho inafaa kukumbukwa na kila anayeshika kalamu karakanani. Aliporudi nyumbani, alianza na wazee: maseremala wa Beijing waliokuwa bado wanajua kanuni za ujenzi za nasaba ya Qing, ambayo ni ya karibu zaidi, wakamfundisha kila kipande kinaitwaje huku wakikionyesha kwenye jengo lililosimama. Kutoka hapo akarudi nyuma hatua kwa hatua, akiwa na mkewe Lin Huiyin na wenzao, wakisafiri kupima majengo ya kale moja baada ya jingine. Mwaka 1937 walilifikia jumba kuu la mbao la hekalu la Foguang, lililojengwa mwaka 857, na kwenye jengo kama hilo maneno ya kitabu yalipata vitu vya kushikamana navyo. Juzuu ya kwanza ya ufafanuzi wake ilichapishwa mwaka 1983, miaka 11 baada ya kifo chake. Kwa maneno mengine, kitabu kilichokuwa na kila kitu isipokuwa kamusi yake kilimgharimu mtu mmoja sehemu kubwa ya maisha.

Kwa hiyo jina la kila kipande, kila zana na kila kasoro liandikwe kama fundi anavyolitamka, katika lugha yake, na lifungwe kwenye picha yenye mshale unaoonyesha kitu chenyewe. Tafsiri ije baadaye. Fundi mmoja anaweza kuwa na majina manne ya ufa, kwa sababu ufa wa kukauka si ufa wa kuanguka, wala ufa unaoanzia kwenye fundo si ufa uliokuja na mti kutoka msituni. Anayeyaandika yote kwa neno moja amefuta uchunguzi wa vizazi.

Majina ya miti yana mtego wake. Jina moja la mahali linaweza kubeba spishi mbili au tatu zinazofanana gome, na spishi moja ikawa na majina matano kutoka bonde hadi bonde. Dawa yake ni kuchukua kipande cha mbao, jani na, ikipatikana, ua au tunda, ili mtaalamu wa mimea aweze kuutambua mti huo hata miaka hamsini baadaye. Vipimo navyo havina budi kuandikwa mara mbili. Mafundi wengi wa jadi hupima kwa mwili: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Anayegeuza shibiri kuwa sentimita na kuitupa shibiri yenyewe huharibu uhusiano uliokuwemo, kwani huenda kimo cha kigoda kilikuwa shibiri mbili za atakayekikalia, si za fundi. Swali la kuuliza ni shibiri ya nani.

Sababu zisizojulikana

Kuna wakati fundi hajui sababu ya anachofanya, na bado anakifanya sawasawa. George Sturt, aliyekuwa mwalimu kabla ya kurithi karakana ya magurudumu ya familia yake huko Farnham, Uingereza, mwaka 1884, aliwakuta wafanyakazi wakitengeneza magurudumu ya mikokoteni yaliyobonyea kidogo kama sahani badala ya kuwa bapa. Aliyauza magurudumu hayo kwa miaka mingi kabla ya kuelewa sababu yake: farasi anapotembea huyumba, mzigo husukumwa kulia na kushoto kwa kila hatua, na kitovu cha gurudumu hugonga upande, hivyo gurudumu bapa lingelegea na kugeuka nje ndani kama mwavuli kwenye upepo. Wafanyakazi wake hawakuhitaji maelezo hayo. Walikuwa wamepokea umbo kutoka kwa waliowatangulia, na umbo lilifanya kazi. Sturt aliyachapisha yote hayo mwaka 1923, wakati karakana za namna yake zilikuwa zinaelekea mwisho.

Mfano huu unatutahadharisha na mambo mawili. Kwanza, «ndivyo tulivyokuta» si jibu la ujinga, wala halimaanishi kwamba jambo lenyewe ni mapambo au ushirikina. Lirekodiwe kwa usahihi, sababu itafutwe pole pole. Pili, sababu anayoipata mwandishi iandikwe kama ya mwandishi, isitiwe kinywani mwa fundi. Nimesoma maelezo ya kitaalamu ya viungo vya mbao yaliyovikwa sauti ya mzee wa kijiji kiasi kwamba huwezi kujua nani alisema nini, na kumbukumbu ya namna hiyo haiwezi kusahihishwa tena.

Nani anaandikwa

Mwaka 1925 mwanafikra wa Kijapani Yanagi Soetsu na wenzake wawili wafinyanzi waliunda neno mingei kwa ajili ya sanaa ya watu wa kawaida, na mwaka 1936 wakafungua jumba lao la makumbusho jijini Tokyo. Walifanya jambo kubwa: waliviinua vyombo vya kila siku, masanduku, mabakuli, vikapu na vigoda, ambavyo hakuna aliyevitazama mara mbili. Yanagi alisifu sana uzuri unaotoka kwa fundi asiye na jina. Sifa hiyo ilikuwa ya dhati, lakini fundi huyo alikuwa na jina. Aliyekosa kuliuliza ni mnunuzi. Mazoea ya kuandika «kazi ya kabila fulani» chini ya kitu kilichotengenezwa na mtu mmoja anayejulikana na majirani zake wote yameenea katika majumba ya makumbusho ya dunia nzima, na kuyaondoa leo ni kazi ya miaka. Basi jina liulizwe, na fundi aamue mwenyewe kama anataka litokee.

Tena fundi hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake yuko anayejua msitu na kuchagua mti, mhunzi anayefua patasi, anayepika gundi au kukamua mafuta ya kung'arishia, na mara nyingi mke au watoto wanaosugua kwa msasa hadi usiku. Karakana inaweza kufa ilhali fundi yuko hai, kwa sababu tu mhunzi wa tezo amefariki na chuma cha dukani hakishiki makali. Ujapani ililitambua jambo hili kisheria: sheria yake ya mali za utamaduni ya mwaka 1950, iliyozaa heshima ya «hazina hai za taifa», iliongezewa mwaka 1975 kifungu cha kulinda mbinu za kuhifadhi, ambacho kinawahusu pia watu wanaotengeneza zana na malighafi za mafundi wengine.

Suala la idhini ni zito kuliko fomu inayotiwa saini. Kuna ruwaza zinazochongwa kwa ajili ya kaburi au jando na hazionyeshwi ovyo. Kuna mchanganyiko wa rangi ambao ndio riziki ya familia moja. Video ikishawekwa mtandaoni, kiwanda cha mbali kinaweza kuiga nakshi hiyo kwa mashine, na fundi asipate hata barua. Hivyo fundi aelezwe waziwazi nani ataona, wapi na kwa muda gani, aruhusiwe kufunga sehemu fulani, na apewe nakala ya kila kitu kwa namna anayoweza kuifungua. Anayeondoka na rekodi zote bila kuacha nakala amevuna shamba la mwenziwe.

Kumbukumbu si uhai

Mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, uliopitishwa mwaka 2003, unataja uwekaji kumbukumbu kama hatua moja tu kati ya kadhaa, pamoja na utafiti, ufundishaji, urithishaji na uhuishaji. Katika orodha zake umo uchongaji wa Wazafimaniry wa nyanda za juu za Madagaska, wanaojenga nyumba za mbao bila msumari, na ujenzi wa madaraja ya tao ya mbao ya China, ulioingizwa mwaka 2009 kama ufundi uliohitaji ulinzi wa haraka wakati huo. Kuingizwa orodhani hakujengi daraja. Daraja hujengwa pakiwa na mti, na mteja, na kijana aliye tayari kulipwa kidogo kwa miaka mitano.

Hekalu la Ise nchini Japani huthibitisha jambo hili kwa namna yake. Tangu mwaka 690 majengo yake hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya 62 ikiwa mwaka 2013. Muda huo unatosha seremala ashiriki akiwa kijana, arudi akiwa mtu mzima, na asimamie akiwa mzee. Hata hivyo, katika vita vya karne za 15 na 16 desturi hiyo ilikatika kwa zaidi ya miaka 120, na walioirudisha hawakuwa na mtu hai aliyeshuhudia ujenzi uliotangulia. Wakati kama huo ndipo maandishi yanapofanya kazi ambayo mkono hauwezi.

Mfano wa karibu zaidi ni kanisa la Notre-Dame la Paris. Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza kiunzi cha paa lake, cha mwaloni wa enzi za kati. Kwa bahati, mwaka 2014 wasanifu majengo Rémi Fromont na Cédric Trentesaux walikuwa wamekipima na kukichora kipande kwa kipande, wakati hakuna aliyedhani kwamba michoro hiyo ingehitajika hivyo. Lakini michoro ilitoa umbo tu. Waliojenga upya waliamua kuchonga magogo mabichi kwa shoka, kwa kufuata mkondo wa nyuzi kama walivyofanya wa kale, na hilo liliwezekana kwa sababu palikuwa na maseremala walioizoea kazi hiyo, wakiwemo waliotoka Guédelon, ambako tangu 1997 ngome ya mtindo wa karne ya 13 inajengwa kwa zana za zamani ili kujifunza. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Bila michoro mikono ingekisia, na bila mikono michoro ingebaki makabatini.

Kuhusu uhifadhi wa rekodi zenyewe sina mengi. Nakala tatu, kwenye vihifadhi vya aina mbili, moja ikiwa katika jengo jingine. Na kila faili iwe na jina la fundi, mahali, tarehe, mti na kazi iliyokuwa ikifanyika. Faili iitwayo «video 14» ni sawa na iliyopotea.

Linalostahili muda zaidi ni jaribio la mwisho, ambalo karibu hakuna anayelifanya. Kumbukumbu ikikamilika, apewe mtu anayejua kushika patasi lakini hajawahi kumwona fundi huyo wala kufika kwake, na aombwe atengeneze kile kiti kwa kufuata tu kilichoandikwa na kurekodiwa. Mwandishi akae pembeni, anyamaze, na aandike kila mahali mtu huyo anaposimama, anapokuna kichwa, anapochagua gogo lisilofaa au anapotoboa mguu uliokwisha kukauka. Kisha achukue orodha hiyo ya makwamo na arudi nayo kwa fundi, wakati fundi bado yupo wa kuijibu.